Karatasi kugeuka njano: tusilaumu umri peke yake (uzi mrefu kidogo)

Mzee wa Mafaili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita humu ndani kuna mtu aliuliza kwa nini cheti cha ndoa cha wazazi wake bado cheupe, wakati riwaya aliyonunua miaka ya 90 imeshakuwa ya kahawia na kurasa zinakatika akifungua. Majibu aliyopata ni "vumbi" na "uzee". Kwa heshima zote, hayo si majibu. Kama ni uzee, msahafu ulionakiliwa kwa mkono kule Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 ungekuwa umeshageuka unga. Mbona misahafu ya Siyu ipo na maandishi yake yanasomeka?

Anayetaka ushahidi wa haraka achukue gazeti la leo, aliweke dirishani panapopiga jua, juu yake aweke sarafu ya shilingi 200. Asiliguse kwa siku kadhaa. Akiondoa sarafu atakuta duara jeupe, na pembeni pote pameshaanza kuwa njano. Gazeti lote lina umri mmoja na vumbi lilelile, tofauti ni mwanga tu.

Sasa tuingie ndani. Ukiacha maji, mti una vitu viwili vikubwa tutakavyovihitaji hapa. Kimoja ni selulosi, nyuzinyuzi nyeupe zilezile ambazo pamba imejaa. Cha pili ni lignini, gundi inayoshikilia hizo nyuzi ili mti usimame wima. Kwenye miti kama mipaina lignini ni takriban robo ya uzito wa mti mkavu. Lignini ndiyo mtuhumiwa wetu wa kwanza, maana inanyonya mwanga, hasa miale ya urujuanimno (ile isiyoonekana kwa macho), kisha inashikana na oksijeni ya hewani. Molekuli zake zinabadilika umbo na kuzaa viambata vipya, vikiwemo vile vinavyoitwa kwinoni, ambavyo vinameza sehemu ya buluu ya mwanga. Karatasi ikishanyimwa buluu, mwanga unaorudi machoni kwako unakuwa wa njano. Ukiendelea kuiacha juani inakwenda kahawia.

Zamani hakukuwa na shida hii kwa sababu karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara: nguo za kitani na pamba zilizochakaa, zinaloekwa na kupondwapondwa. Humo lignini ni ndogo mno. Biblia za Gutenberg za miaka ya 1450 zilizochapwa kwenye karatasi za namna hiyo bado zinafunguka vizuri. Ila kadiri watu waliojua kusoma walivyoongezeka, matambara yakawa hayatoshi. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller, huko Saxony, akawa amepata njia ya kusaga gogo kwa jiwe linalozunguka huku likimwagiwa maji, likatoka rojo. Mwaka huohuo Charles Fenerty wa Nova Scotia, Kanada, naye akapeleka barua gazetini pamoja na kipande cha karatasi aliyoitengeneza kwa mti.

Wafanyabiashara waliipenda njia ya kusaga kwa sababu haitupi kitu. Zaidi ya asilimia 90 ya mti inaingia kwenye karatasi, lignini ikiwemo. Hiyo ndiyo karatasi ya magazeti na ya riwaya za bei rahisi. Njia nyingine ni kupika vipande vya mti kwa kemikali hadi lignini iyeyuke itoke, lakini hapo unabaki na karibu nusu tu ya mti wako. Kwa hiyo karatasi nyeupe inayodumu ina gharama, na gharama hiyo mtu fulani lazima ailipe.

Hapo ni rangi tu. Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi, kwa sababu watu wengi wanalichanganya. Njano na kukatika ni vitu viwili tofauti. Karatasi inaweza kuwa njano na bado ukaikunja ikakunjika. Na inaweza kuwa nyeupe kiasi, ukaikunja kona ikabaki mkononi. Inayokata ni asidi.

Asidi ilitoka wapi? Karatasi ghafi inanyonya wino kama kitambaa, maandishi yanasambaa. Zamani waliichovya kwenye gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Mwaka 1807 Mjerumani mwingine, Moritz Friedrich Illig, akatangaza njia rahisi ya kuchanganya utomvu wa msonobari na shabu ndani ya rojo lenyewe. Shabu hii ni ya ukoo uleule wa ile tunayotupia kwenye maji ya mto ili tope litulie chini. Njia ikaenea dunia nzima. Ubaya wake ni kwamba shabu ikikutana na unyevu inazalisha asidi, na asidi inakata minyororo ya selulosi kidogokidogo. Uzi wa shanga ukiukata mara moja bado una vipande virefu viwili. Ukiukata mara mia umebaki na shanga za kuokota sakafuni. Karatasi inayomeguka imeshafika huko.

Unganisha sasa: mti uliosagwa pamoja na shabu. Vitabu na magazeti ya kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1980 mengi ni mchanganyiko huo. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, katikati kabisa ya kipindi hicho kibaya. Ndiyo maana wakati mwingine nyaraka ya babu wa babu ni nzima kuliko ya baba.

Karibuni kwa maswali. Wale wa "fupisha mkuu", jamvi lina nyuzi fupi nyingi tu.

Nyundo ya Mbao

Mkuu umemaliza kuni zote za Mufindi kwa post moja 😂😂. Ngoja nikae hapa na kahawa.

Mtoto wa Mgololo

Asante kwa elimu mkuu. Mimi nimekulia jirani na kile kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kuzalisha mwaka 1985 kwa mbao za shamba la miti la Sao Hill, hukohuko Mufindi. Kule wanapika, na ile harufu ya mayai viza aliyewahi kupita anaijua. Swali langu: kama kupika kunatoa lignini, mbona karatasi ya mifuko ya saruji ni ya kahawia tangu siku inatoka mashineni? Haijaliona jua hata kidogo.

Mzee wa Mafaili

Swali zuri sana. Kupika hakutoi lignini yote. Inayobaki ni asilimia chache tu, ila imebadilishwa na joto na kemikali ikawa nyeusi-nyeusi, ndiyo inayotia rangi. Ukitaka nyeupe unaendelea na hatua ya kuing'arisha kwa kemikali nyingine, na hapo unaongeza gharama. Mnunuzi wa mfuko wa saruji anataka usipasuke, weupe wa nini? Nyuzi za mpaina ni ndefu, zikipikwa bila kusagwa zinabaki nzima, ndiyo maana mfuko unabeba kilo 50. Bahasha ya kaki ni ndugu yake. Hapo utaona rangi peke yake haikuambii lolote kuhusu nguvu ya karatasi.

Hata karatasi nyeupe ya rimu tunayotumia ofisini imetokana na miti hiyohiyo. Imepikwa na kung'arishwa, halafu wakaiongezea chokaa (kalisi kaboneti) ya kujazia, na dawa inayogeuza urujuanimno kuwa mwanga wa buluu ili jicho lione weupe wa kupitiliza. Dawa hiyo ikichoka kwa jua, karatasi inaonekana "imepauka njano" hata kama haijaharibika. Ile chokaa nayo ina faida kubwa: inaua asidi. Viwanda vingi duniani vilihama kutoka kwenye shabu kwenda kwenye chokaa miaka ya 80 na 90, kwa sababu chokaa ilikuwa rahisi zaidi. Wasomaji tumenufaika kwa bahati.

Mwalimu wa Zamu

Mzee, nije na langu. Vyeti vyangu vyote nimepiga leminesheni tangu nimalize chuo, kwa hofu ya maji na hiyo njano unayosema. Kuna ofisi moja nilikwenda wakavikataa, wanasema hawawezi kugonga muhuri wala kuhakiki karatasi. Kitaalamu nimekosea au wao ndio wasumbufu?

Mzee wa Mafaili

Mwalimu, hapo kuna historia tamu.

Yuko Mmarekani aliitwa William Barrow, fundi wa kukarabati nyaraka jimboni Virginia. Miaka ya 1930 alitengeneza mashine ya kubandika utando wa plastiki pande zote za karatasi kwa joto na mgandamizo. Maktaba na hifadhi za nyaraka zikamkimbilia, maelfu kwa maelfu ya hati yakafunikwa. Lakini Barrow alikuwa mtu wa kuchunguza. Aliona baadhi ya hati zinaendelea kuoza ndani kwa ndani, zikiwa zimefungwa salama na asidi yao. Akaanza kuziosha kwanza kwa maji yenye chokaa kabla ya kuzifunika. Baadaye akapima vitabu 500 vilivyochapwa Marekani kati ya 1900 na 1949, ripoti ikatoka 1959, na sehemu kubwa kabisa vilionekana havitafikisha miaka 50 mingine vikiwa vya kutumika. Hapo ndipo wakutubi walipoamka kuhusu asidi.

Kwa hiyo aliyetuonyesha ugonjwa ndiye aliyesambaza ile plastiki. Na plastiki yake, selulosi asetati, yenyewe ikizeeka inatoa asidi ya siki. Leo mafundi wanahangaika kuibandua hati moja baada ya nyingine, na haitoki kirahisi.

Leminesheni ya steshenari zetu ni plastiki nyingine, ila kosa la msingi ni lilelile: gundi inayeyuka na kuingia kwenye nyuzi, huwezi kurudi nyuma. Ofisi iliyokukatalia ina hoja. Vyeti ambavyo bado havijaguswa viweke kwenye mfuko laini wa plastiki ulio wazi upande mmoja, ile aina ya polista au polipropilini. Epuka ile mifuko ya PVC inayonuka plastiki na kung'ang'ania wino. Vilivyokwisha kupigwa usijaribu kuvichana. Viache hivyohivyo, na kama mamlaka iliyotoa cheti inatoa nakala nyingine, omba.

Bint Kibokoni

Assalaam alaykum. Mimi niko Mombasa, naomba nipinge kidogo. Haya ya lignini ni mambo ya nchi za baridi. Pwani, kabla asidi haijafanya kazi yake, mchwa na mende wamekwisha kula chakula cha jioni. Nyumbani tuna vitabu vya marehemu babu, vya Kiarabu, vilivyochapwa Misri na Bombay. Vile vilivyoharibika vimeharibiwa na wadudu na kuvu, si na jua, maana vimo sandukuni miaka yote. Rangi yake ni ya njano kweli, lakini tatizo ni matundu.

Mzee wa Mafaili

Waalaykum salaam dada. Nakuunga mkono kwenye mpangilio wa maadui: kwa pwani ningemweka mdudu wa kwanza, kuvu wa pili. Gundi za majalada ya zamani ni za wanga na za wanyama, kwa mende ni karamu.

Lakini angalia hilo ulilolisema mwenyewe: vimo sandukuni, gizani, na bado ni vya njano. Jua lina haraka, ila joto na unyevu vinafanya kazi hata gizani. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuoza kwa karatasi inaongezeka walau maradufu. Hifadhi za nyaraka za Ulaya zinajitahidi kuweka joto chini ya nyuzi 20 na unyevu kati ya asilimia 30 na 50. Mombasa na Dar unyevu mara nyingi uko juu ya asilimia 70 na joto ni lile tunalolijua. Kitabu kilekile chenye shabu kinazeeka kwetu mbio kuliko kule Oslo.

Fungua kimoja cha babu polepole uone njano imekaa wapi. Kama kingo ni za kahawia na katikati bado pana nafuu, hiyo ni hewa na unyevu vinavyoingia kutokea pembeni. Kama ni vidoadoa vya rangi ya kutu vilivyotawanyika ukurasa mzima, hapo ni kuvu au chembechembe za chuma ndani ya karatasi. Na kama kuna umbo la mraba la kahawia linalofanana na kitu kilichowahi kuwekwa hapo, tafuta kipande cha gazeti. Watu wanapenda kukata taarifa ya msiba au picha wakaiweka ndani ya Kurani, Biblia au albamu. Asidi ya gazeti inahama na kuichoma kurasa jirani, upande huu na ule, mpaka unaona mistari ya kipande chenyewe.

Bint Kibokoni

Subhanallah, hiyo ya mraba ipo! Kwenye kitabu cha fiqhi. Ndani kulikuwa na kalenda ya zamani.

Dogo Janja wa Steshenari

Wazee mnazunguka sana. Mimi nawafanyia wateja: pamba, maji ya limao au ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, unapitisha kwa mbali, njano inaondoka.

Mzee wa Mafaili

Dogo, acha mara moja, hasa kwa nyaraka za watu. Limao ni asidi, unaongeza kilekile kilichokuwa kinakula karatasi. Na dawa ya nguo inang'arisha kwa kuunguza: rangi inapotea siku hiyo, selulosi nayo inakatika, na mabaki yake yanaendelea kufanya kazi mteja akishaondoka. Mafundi wa kweli wanaosha kwa maji yenye kalisi au magnesi, baada ya kupima kama wino hautatoka, na lengo lao ni kutuliza asidi. Weupe ukija ni ziada. Maktaba ya Bunge la Marekani imepitisha vitabu vingi sana kwenye dawa yenye unga laini wa oksidi ya magnesi. Dawa hiyo inazuia kuoza kuendelea, lakini kitabu kilichokuwa cha njano kinabaki cha njano. Hawajali rangi, na sisi tujifunze kutoijali.

Na ukiwa hapohapo, selotepu usiibandike kwenye kitu kinachotakiwa kudumu. Gundi yake inazama kwenye karatasi na kuacha mstari wa kahawia usiotoka.

Nyundo ya Mbao

Mimi swali la kijinga. Ile harufu ya kitabu cha zamani, tamu-tamu hivi, nayo ni lignini?

Mzee wa Mafaili

Si la kijinga. Kwa sehemu, ndiyo. Lignini ikivunjika inatoa vanilini, kiambata kilekile kinachoipa vanila harufu. Inachanganyika na asidi ya siki na ferfura inayotokana na selulosi na jamaa zake. Kuna watafiti wa London walioonyesha kwamba ukipima gesi hizo unaweza kukadiria hali ya kitabu bila kukata hata kipande. Kwa hiyo unaponusa kwa furaha, unanusa kitabu kikiondoka.

Mama Mhasibu

Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, je? Hizo hazigeuki njano, zinafutika kabisa! Mimi nimewahi kufungua faili la mwaka juzi nikakuta vikaratasi vyeupe tupu.

Mzee wa Mafaili

Hizo dada ni habari nyingine. Hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa rangi iliyolala pamoja na kiambata cha asidi, kichwa cha mashine kikipasha joto vinakutana na maandishi yanatokea. Joto, jua, mafuta ya mikononi na hasa ile mifuko ya PVC niliyoitaja vinavitenganisha tena. Piga fotokopi siku hiyohiyo unayopokea, au skani. Usisubiri mwisho wa mwezi.

Mwalimu wa Zamu

La mwisho kutoka kwangu. Naandika historia ya ukoo, nataka nakala chache zikae hata miaka 100. Nichapishe kwenye karatasi gani? Na nina vipande vya magazeti ya zamani vya baba, navyo nataka viwemo.

Mzee wa Mafaili

Angalia maandishi kwenye rimu. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9706, kilichotoka 1994, kwa karatasi ya kudumu. Alama yake ni ule mchoro wa nane iliyolala, ndani ya duara. Kinataka karatasi isiwe na asidi, iwe na akiba ya chokaa ya kupambana na asidi itakayokuja baadaye, na lignini iwe kidogo sana. Marekani ilifika hadi kutunga sheria mwaka 1990 kwamba machapisho yao muhimu ya serikali na vitabu vyao vyenye thamani ya kudumu viwekwe kwenye karatasi ya aina hiyo. Hapa mtaani si rahisi kuipata yenye alama. Rimu nzuri ya A4 iliyoandikwa haina asidi itakufikisha mbali. Chapisha kwa printa ya leza au fotokopi, ule unga mweusi haufifii ovyo. Printa ya wino wa maji iache kwa picha za sherehe. Jalada lishonwe kwa uzi, usikubali pini za chuma, zinashika kutu na kutoboa.

Magazeti ya baba yapige picha kwanza, halafu fotokopi kwenye karatasi hiyohiyo nzuri, na nakala hizo ndizo ziingie kwenye kitabu. Vipande halisi vikae kwenye bahasha yao peke yake, mbali na kila kitu kingine, kwenye kabati la ndani lisilogusa ukuta wa nje wala paa la bati. Usivikunje upya. Kama mkunjo wa zamani umeshaanza kukatika, viache bapa na uvibebe ukiwa umeweka karatasi ngumu chini yake.

Mwalimu wa Zamu

Nimekusoma mzee. Kesho naanza na yale magazeti.